Kichaka cha Njia ya Kisimani

Moshi wa garimoshi ukichanganyika na harufu ya nta ya nyuki: hiyo ndiyo Itigi ya utoto wangu, enzi za Mwingereza. Warina asali walileta madebe yao stesheni, nasi watoto tulilamba vidole mpaka tukafukuzwa. Kiangazi kimoja raha hiyo ilikwisha. Watu walianza kuporwa kwenye njia ya kisimani, pale vichaka vilipobana hata miiba ikakukwaruza mabega yote mawili. Mchana mmoja mama alitangulia, mimi msichana mdogo nikimfuata. Mtu alichomoka kichakani katikati yetu, akampiga mama kisogoni, akamnyang'anya kanga yake mpya. Mama alianguka kifudifudi, hakumwona. Mimi nilimwona. Aligeuka akanitazama, na sikio lake moja lilikuwa limekatika.

Siku chache baadaye tulisikia kelele sokoni. Watu walikuwa wamemkamata kijana wa Kigogo, mgeni aliyeshuka kwenye treni kutafuta kibarua. Alikuwa amepigishwa magoti, shati limechanika, na wanaume wameshika fimbo na mawe. Jumbe wetu alifika akihema, akajipenyeza hadi katikati, akaniita mimi niliyemwona mwizi. Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mtazame vizuri. Ndiye huyu?"

Wote walinikodolea macho. Nilijua jibu walilolitaka. Lakini masikio ya kijana yule yote mawili yalikuwa mazima.

"Siye," nikasema.

"Mtoto anajua nini!" mwenye duka mmoja akafoka, akainua fimbo.

Mama alinivuta kifuani pake. "Mimi ndiye niliyepigwa," alisema, "na mwanangu amesema siye."

Jumbe akasimama mbele ya kijana. "Atakayempiga huyu aanze na mimi."

Fimbo ilibaki juu kwa muda ambao nilidhani hautaisha, kisha ikashuka. Hapo ndipo mama alipowauliza mbona wanamwinda mtu ilhali kichaka kinachowaficha wezi wanakiacha kisimame. Jumbe alikaa na wazee, wenye maduka na stesheni masta, na safari hii wanawake nao wakasikilizwa. Reli ilitoa mashoka na mapanga, kila nyumba ikatoa mtu wa kufyeka, na vijana wakapokezana kulinda njia. Mwizi mwenyewe hakukamatwa kamwe. Ila hatukuporwa tena pale, na kisima kilionekana tangu mbali.

Leo naishi mjini kwa mwanangu, ndani ya ukuta uliopandwa vipande vya chupa, na jina la jirani silijui. Polisi wapo, taa za barabarani zipo. Lakini ikipigwa kelele ya "mwizi!" watu hutoka mbio na mawe mkononi, na bado sijasikia hata mmoja wao akiuliza ni nani aliyemwona.