Mlinzi wa Makaburi ya Wayahudi

"Nani kafagia mawe kwenye kaburi la mama yangu?" Mzee anayelinda makaburi ya Wayahudi hapa mjini Tarnow alituuliza sisi wanawake wa kanisani, tuliokwenda kusafisha kwa wema wetu. Huongea taratibu, akisugua macho, na ufunguo wa lango haumtoki mkononi. Bronka, mwenzetu ambaye mdomo wake hauna breki, akadakia: "Tulidhani takataka, mzee wangu! Si tumeweka maua?"

"Sisi huweka mawe, binti. Kila jiwe ni mtu aliyekuja kumsalimu marehemu. Nawaeleza kila mwaka. Nimechoka." Wengi wa waliomsalimu mama yake wamekwisha kufa, hawawezi kuleta jiwe jingine. Bronka akashuka mtoni, akarudi na aproni imejaa mawe. Mzee akachagua moja, akampa. "Weka hili, liwe salamu yako. Yale mliyoyafagia siwadai tena."