Miiba Kwenye Kunde

Shangazi aliponimegea nusu ya bustani yake alinipa sharti moja tu, na hilo moja likanishinda.

Nilikuwa nimerudi Bariadi baada ya ndoa yangu kuvunjika, nina begi moja na hasira za kugawa. Shangazi, dada wa baba yangu, ni mjane anayeishi peke yake. Hakuniuliza lolote. Alinipeleka bondeni, akahesabu hatua zake, akachomeka kijiti kati ya matuta.

"Kuanzia hapa mpaka kisimani ni pako," alisema. "Ila humu tunakula, mayu. Dawa ya pamba isiingie." Mayu ni mama; kwetu binti huitwa hivyo kwa upendo.

Sharti hilo lilikuwa na sababu. Kwetu kila nyumba inayolima pamba ina chupa ya dawa iliyobaki msimu uliopita, imesukumwa chini ya kitanda, na bomba la kupulizia limetundikwa ukutani. Mtu akiona mdudu, mkono unakwenda kwenye chupa. Kunguni, chupa. Mchwa, chupa. Shangazi naye analima pamba, chupa anayo, lakini haijawahi kuvuka kizingiti kuelekea bondeni. Wadudu wa mboga aliwapiga kwa majivu na maji ya mwarobaini, na waliobaki aliwaminya kwa vidole huku akiwatukana kwa Kisukuma, matusi ambayo kanisani asingethubutu kuyafikiria.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakulitaja kwa sababu halitajwi. Bondeni pale tunachumiana. Mboga ikikupungukia unaingia kwa jirani, unachuma majani ya sufuria moja, hung'oi shina, na hupigi hodi. Ukikutana naye kisimani unamwambia, "Jana nimekula kwako," naye anacheka, yameisha. Karibu kila jioni shangazi alichuma kunde zangu, nami nikachuma mchicha wake. Sikuwahi kujisikia nyumbani kama nilivyojisikia kwa kuchumiwa zile kunde.

Kiangazi cha pili wadudu mafuta wakanivamia. Walijaa chini ya majani, weusi, wamebanana, na majani yakajikunja yakanata. Nilinyunyiza majivu siku tatu nikachoka. Mimi sina subira, sitadanganya. Shangazi angeminya wiki nzima. Mimi nilitaka wafe siku hiyo hiyo, na wanione nikiwaua.

Shangazi akaenda msibani Dutwa, akaaga kwamba atalala huko siku mbili. Asubuhi ile ile nilitoa chupa chini ya kitanda chake, nikabeba bomba mgongoni, nikapulizia kunde zote. Kufika mchana wadudu walikuwa wameanguka. Nilifurahi, nakiri, nilisimama pale nikiwa nimeshika kiuno.

Furaha ikanitoka nilipokumbuka kwamba atarudi, na akirudi atachuma. Ningeweza kumsubiri nimwambie. Lakini nilimwona akilini akitazama kile kijiti alichokichomeka, na nikaogopa kwamba ataking'oa, nami sikuwa na pengine pa kwenda. Basi nikakata matawi ya miiba, nikazungushia kunde pande zote. Nilipanga kuziacha zikae hivyo wiki mbili, kisha nizing'oe na kuzifukia.

Alirudi kesho yake jioni, mapema kuliko alivyosema. Alikuja moja kwa moja bondeni na kikapu chake.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, shangazi. Poleni na msiba."

Aliitazama miiba. "Umezungushia?"

"Kuku," nikasema.

"Kuku gani wanafika huku?"

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Badala yake nikasikia sauti yangu, kali, ya mtu aliyekamatwa: "Basi ni watu, shangazi. Watu wanachuma hovyo hovyo."

Alihamisha kikapu mkono mmoja hadi mwingine. Upande wake mchicha ulikuwa bado miche tu, haujafika kuchumwa. Usiku ule alikula ugali na maziwa ya mgando, mimi nikakaa naye, hakuna aliyetaja mboga.

Wiki mbili zilipokwisha nilifanya kama nilivyopanga. Niliondoa miiba, nikapanda kunde nyingine, nikawaminya wadudu kwa vidole vyangu mpaka kucha zikawa nyeusi. Zilipostawi nikamwita.

Alikuja. Akasimama pale ilipokuwa miiba, kwenye ardhi aliyonipa mwenyewe, akasema, "Hodi."

"Karibu, shangazi, chuma tu!"

"Nichume kiasi gani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwambia achume zote, nikacheka sana, cheko la uongo. Alichuma majani yanayojaa kiganja kimoja, akanionyesha kabla ya kuyatia kikapuni.

Imekuwa hivyo miaka mitatu. Kila mara hodi, kila mara kuonyesha kiganja. Mimi nazidi kuchuma kwake bila kuuliza, kwa makusudi, labda atakumbuka. Hajawahi kunikataza.

Mwezi uliopita tulikaa uani tukitandaza majani ya kunde juani, yakauke yawe nsansa ya kula wakati mboga hakuna. Alikuwa akiimba polepole. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia yote: chupa, bomba, miiba, kwamba niliogopa asije akala akadhurika, na nikaogopa zaidi asije akanifukuza.

Alicheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa upande wa khanga.

"Dawa!" alisema. "Kumbe ilikuwa dawa." Kisha akageuza majani machache ambayo hayakuhitaji kugeuzwa. "Ungeniambia dawa, ningekutukana siku moja, ikaisha. Mimi nilijua hao watu wa hovyo hovyo ni mimi."

Nilimwomba radhi nikiwa nimepiga magoti juu ya mkeka. Alinishika kichwa, akasema amesamehe, na najua amesamehe, kwa sababu jioni ile alinitania mbele ya majirani, akaniita bwana shamba.

Kesho yake nilikuwa nimeinama kati ya matuta nikiminya wadudu. Nikasikia nyayo zake zinakuja, nikatega sikio bila kuinua kichwa. Zikafika mpakani, zikasimama.

"Hodi," akasema.

Nikaitika karibu.