Chumba cha Baridi cha Baba Dogo

Enzi zetu pale mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, ulimtambua mtoto kwa ulimi. Ukiwa mwekundu, jua amekula barafu ya kijiti. Ukiwa wa kawaida, jua kwao wiki hiyo mambo ni magumu. Zilitoka kwenye kiwanda cha barafu, mtaa jirani wa Baba Dogo, jengo refu la mawe lenye bomba lililomwaga maji baridi mtaroni hata jua likiwaka. Tukitoka shule tulivua viatu, tukatumbukiza miguu humo mpaka vidole vikafa ganzi, tukajiona matajiri. Watoto wa leo hufungua friji mara kumi kwa siku, wakasimama mbele yake kama wanaotazama televisheni, kisha wakaifunga na kulalamika kwamba hakuna kitu.

Baba yangu alipakia makreti pale kiwandani. Alikuwa kibarua, wa kuitwa kazi ikiwepo. Jirani yetu, Mzee Kilonzo, alikuwa dereva aliyeandikwa kabisa, mwenye yunifomu iliyodariziwa jina kifuani. Tofauti yao niliijua mapema kwa sababu ya jambo moja: kila Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, watoto wa walioandikwa waliruhusiwa kuingia chumba cha baridi. Watoto wa vibarua tulibaki getini.

Nduku, binti ya Kilonzo, nilikaa naye dawati moja. Aliingia kila mwaka.

"Ukipumua unatoa moshi kama mvuta sigara," alitusimulia. "Na ukutani kuna theluji, unaandika jina lako kwa kidole."

Nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda.

Nikiwa darasa la tano niliamua liwalo na liwe. Nilivaa masweta mawili, soksi za baba mikononi na kitambaa cha mama kichwani, nikajipenyeza kwenye foleni. Wenzangu wote walivaa nguo nyepesi za kanisani. Soja wa getini aliniona nikitiririka jasho chini ya jua la Desemba.

"Wewe kijana, unasafiri Ulaya?"

"Naingia ndani. Baba yangu ni wa hapa."

"Baba yako nani?"

Nduku, aliyekuwa mbele yangu, akageuka. "Huyo baba yake ni kibarua."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemrahisishia soja kazi. Nilitolewa kwa sikio, foleni nzima ikicheka, na mama alipopata habari akasema tu, "Acha kulilia vya wenyewe, Wafula. Shika kitabu."

Nikakishika. Leo nina diploma ya mitambo ya majokofu, nimeipata kwa jasho langu, hakuna mjomba aliyenipigia simu mahali. Miaka kumi na mmoja nimefanya kazi Doha, nikifunga vyumba vya baridi ambavyo lori linaingia na kugeukia ndani. Nimerudi, nina nyumba Donholm, na sina haja ya kuomba mtu kitu. Lakini kila chumba nilichokiwasha kule, niliingia wa kwanza, nikapumua, nikajiuliza kama kile cha Baba Dogo kilikuwa na baridi zaidi.

Mwezi uliopita nilienda kukiona. Kiwanda kilifungwa zamani. Mabati yameliwa na kutu, na geti limejaa mabango ya mikutano ya injili yaliyobandikwa juu ya sura za wanasiasa. Uani kumepandwa mboga za sukuma. Mwenye sukuma ni Nduku. Wenye jengo walimwachia marehemu baba yake alilinde, naye akaendelea.

"Injinia!" alipiga kelele. "Waarabu walikulisha nini, mbona tumbo limefika kabla yako?"

Tulicheka. Nikamwomba anipeleke chumba cha baridi. Mlango ulishang'olewa na watu wa vyuma chakavu, kuta zimechunwa, paa limetoboka. Ndani mlikuwa na joto la jikoni, na kuku.

"Hapa ndipo ulikuwa unaandika jina lako," nikamwambia.

"Nani, mimi?" Akamsukuma kuku kwa mguu. "Kwani niliwahi kuingia humu?"

"Kila Krismasi, Nduku!"

"Haya, kama unasema. Mzee alitupeleka mahali pengi."

Nilidhani wivu wangu ungefia hapo. Ulizidi. Zamani nilimwonea wivu kwa kupata. Sasa namwonea wivu kwa kupata mpaka akaweza kusahau. Mimi ambaye sikuingia hata siku moja ndiye ninayekumbuka theluji ya ukutani.

Siku hizi kila kioski pale mtaani kina friji, na watoto hunywa soda baridi macho yakiwa kwenye simu, bila kuionja. Chumba kama kile naweza kukifufua, mitambo yake naijua kama kiganja changu. Ila sijui nitamfufulia nani, maana hakuna mtoto aliyebaki ambaye angesimama getini akikililia.