Jiko Lililobaki Kwenye Kompyuta Isiyo na Kioo

Saa moja kasoro robo asubuhi, mlango wa duka umefunguliwa nusu tu. Ndani, mwanamke mwembamba mwenye miwani amekaa mbele ya kompyuta mpakato na anasubiri. Kioo ni cheusi. Anagonga kidole mezani, anashusha pumzi, kisha michoro inaanza kutokea, mstari mmoja mmoja.

Anachokiona hakiko dukani humu. Kiko umbali wa kilomita mia nne, ndani ya kompyuta iliyowekwa juu ya kabati la vyombo sebuleni kwa mama yake. Kompyuta hiyo haina kioo, haina kibodi, haina kipanya. Ni boksi tu, na ndani yake mna ramani ya nyumba: vyumba vitatu, sebule, kibaraza, na mahali palipokuwa patupu ambapo sasa panaota jiko.

"Hapo ndipo kaka yangu alipoishia kuchora," anasema. "Na mimi ndipo ninapoanzia kila siku, kabla wateja hawajaja."

Wateja humwita Dada Waya. Ana miaka arobaini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza akiwa ameinamia kompyuta za watu. Siku hizi wengi humtaka awafungie mashine za aina hii nyumbani: unaiweka pembeni bila kioo, nawe unaitumia kutoka popote kwa intaneti. Kwa wiki hupata kazi mbili. Wiki mbaya hapati hata moja.

"Watu hawaamini," anasema akicheka kidogo. "Mzee mmoja aliniambia, 'Binti, umeniuzia redio isiyosema.' Nikamfungulia mafaili yake kwenye simu yake mwenyewe. Akaigeuza simu nyuma na mbele akitafuta waya, mpaka nikamwonea huruma."

Kicheko hakidumu. Kaka yake alikuwa mchora ramani za nyumba. Aliwachorea nusu ya mtaa wao, lakini mama yake alibaki na nyumba ya zamani ambayo jiko lake ni banda la mabati uani. Kila mwaka alimwambia, "Yako mwakani, Mama, nikitulia." Figo zilipogoma, akaletwa hospitali ya mji anaoishi dada yake. Hapo ndipo alipotulia, kitandani.

"Akaniambia, 'Mdogo wangu, nisaidie niichore ya Mama. Mikono bado ninayo.'"

Shida ni kwamba programu aliyoizoea ilikuwa kwenye kompyuta yake ya zamani tu, nayo ilibaki nyumbani. Kioo chake kilishaungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Dada Waya akafunga safari. Akaifuta vumbi, akaiunganisha na intaneti, akaweka neno la siri na kuiruhusu iingiwe kwa mbali. Alipojaribu kwa simu yake, akaona giza tupu.

"Kompyuta nyingine zisipoona kioo hazihangaiki kuchora chochote," anaeleza. "Kwa hiyo unachomeka kiplagi kidogo kwa nyuma, kinaiaminisha kuwa kioo kipo. Nilipokichomeka tu, ramani zake zote hizo hapo."

Hakuishia hapo, na hilo ndilo linalomtafuna. Mama yao hulala sebuleni, akalalamika kuwa feni ya kompyuta inavuma na kitaa chake cha buluu kinampiga machoni. Dada Waya akaweka feni isiyo na sauti. Juu ya kitaa akabandika selotepu nyeusi.

"Nilijisifu, nikasema hii ndiyo kazi safi. Haina kioo, haina mlio, haina taa. Ukiitazama huwezi kujua kama iko hai. Na sikumwambia Mama neno moja tu, kwamba haizimwi."

Wiki tatu mambo yalikwenda vizuri. Kaka alichora kwa kompyuta mpakato ya dada yake, akiwa ameegemea mito, leo saa moja, kesho nusu saa. Alimaliza vyumba, sebule na kibaraza. Jiko aliliweka mwisho, alifanyie kazi kwa nafasi, kwa sababu alijua ndilo mama atakaloliangalia kwanza.

Ijumaa moja aliamka na nguvu kuliko siku zote. Akaomba kompyuta mpakato, lakini ile ya nyumbani haikupatikana. Akajaribu tena, na tena. Dada yake akapiga simu kwa mama, simu imezimwa. Aliipata saa kumi jioni.

"Nikamuuliza, Mama, umeigusa ile mashine? Akasema, 'Nilichomoa waya wake, mwanangu. Niliona imelala tu. Simu iliisha chaji, na mimi nilitaka nimpigie kaka yako nimsikie.'"

Soketi ya sebuleni ni moja. Mama akarudisha waya na kuzungumza na mwanawe kidogo kwenye simu, lakini kaka alikuwa ameshachoka kuchora. Alisema, "Basi, kesho." Alifariki alfajiri.

Msibani, mama hakuuliza mengi. Aliuliza kama ramani iliisha.

"Nikamwambia iliisha, Mama, pamoja na jiko. Neno lilinitoka tu. Akanishika mkono akasema, 'Basi amepumzika.' Ningerudi nyuma vipi?"

Tangu hapo, miezi miwili sasa, anajifunza kuchora. Rafiki wa kaka yake, naye mchora ramani, humsahihisha. Kuta za kwanza zilikwenda upogo, na mlango mmoja ulifungukia chooni. Huko nyumbani mama yake amekuwa mlinzi wa ile mashine. "Siigusi hata kwa kitambaa," humwambia kwenye simu. "Chaji napeleka kwa jirani." Akisikia hivyo, Dada Waya huaga haraka kabla sauti haijamsaliti.

Wiki iliyopita alikwama kwenye dirisha. Hakujua kaka alikusudia kuliweka upande gani. Aliyebaki wa kumuuliza ni mtu mmoja tu, na kumuuliza ni kujifichua. Alisitasita siku nne. Mwishowe akapiga, akijifanya anapiga soga.

"Nikasema, Mama, hivi dirisha la jikoni ulipenda litazame wapi? Nikasikia akivuta kigoda, akakaa. Halafu akasema taratibu, 'Nilimwambia kaka yako upande wa barabara, nimwone anayekuja. Kama alisahau, wewe mrekebishie, mwanangu. Usikimbilie. Mimi nipo.'"

Anasimulia huku machozi yakimtiririka, na hayafuti.

Leo dirisha lipo, linatazama barabara. Umebaki mlango wa uani na sehemu ya kuoshea vyombo. Mwezi wa kumi na mbili anapanga kuichapa ramani kwenye karatasi kubwa na kuipeleka mwenyewe. Penye nafasi ya jina la mchoraji ataandika la kaka yake peke yake.

"Kuhusu ramani tumeshaelewana na Mama bila kusema," anasema. "Lakini kwamba kaka alishinda siku nzima akiisubiri ile mashine, hilo hajui. Wewe andika tu, Mama hasomi magazeti. Mimi sitamwambia. Alichomoa ule waya ili amsikie mwanawe, na jioni ile alimsikia."