Mjomba Aenda Kuandikwa Udereva

Mtaani walimwita Mama Wasiwasi, na yeye aliona jina hilo wamempunja. Wasiwasi wake haukuwa mmoja. Asubuhi ulikuwa wa jiko, mchana wa nguo kwenye kamba, jioni wa watoto, ingawa watoto wenyewe walishakuwa watu wazima na mkubwa wao alishaota kitambi.

Kila alichokiogopa alikiandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi kilichoning'inia nyuma ya mlango wa mbele. ZIMA JIKO. FUNGA DIRISHA LA CHOO. UFUNGUO UKO KWA JIRANI. Boksi hilo lilianza zamani, siku aliyowaambia watoto wawili wa kwanza mahali ulipo ufunguo, akamsahau wa tatu. Kitindamimba alirudi kutoka shule, akabisha hodi, akangoja, akabisha tena, mwishowe akalala fofofo kizingitini. Mama aliporudi alimwita, akamtikisa, akamnyunyizia maji. Mtoto anakoroma tu. Siku hiyo Mama Wasiwasi aliapa: neno moja, mahali pamoja, kwa wote.

Sasa Kitinda, ndivyo walivyomwita binti huyo, alikuwa fundi kwenye karakana ndogo juu ya duka la magodoro. Walitengeneza mizani ya kupimia watoto wachanga, ile inayounganishwa na kompyuta kwa waya ili uzito ujiandike wenyewe. Jumapili moja alikuja kusalimia, na mama yake, huku akimkagua kama amekonda, akamuuliza:

"Hivi pale kazini wewe hasa unafanya nini?"

"Naandika madereva, mama."

"Wangapi?"

"Wawili tayari. Huyu wa tatu ananitoa jasho, na mteja anakuja Ijumaa."

Mama Wasiwasi aliangusha ufagio. Kumbe mtoto wake anaandika watu kazi! Na mjomba wa mtoto huyo huyo, mdogo wake yeye, yuko kwenye kochi la sebuleni mwezi wa nane huu, dereva mwenye uzoefu wa miaka ishirini na sita asiye na gari. Mjomba walimwita Breki, kwa sababu alipunguza mwendo kwa ajili ya shimo kabla shimo halijachimbwa. Kampuni aliyoitumikia ilipofungwa alihamia kwa dada yake, akawa anasahihisha uendeshaji wa kila chenye kusogea. Akiona kigari cha mtoto wa jirani, atasema hakina taa. Dada yake akipita na ndoo ya maji, atasema, "Dada, kona hiyo umeingia kasi."

Lakini wiki za karibuni alikuwa amenyamaza. Ndoo ilipita kona kasi, maji yakamwagika, naye asiseme neno. Hilo lilimtisha dada yake kuliko jiko lolote lililowahi kusahauliwa.

"Mdogo wangu," alimwambia Breki baada ya Kitinda kuondoka, "kazi ipo. Mimi ndiye ninayekuahidi."

Breki akanyoosha mgongo. Jumatatu alipiga shati pasi. Jumanne alilipiga tena.

Jumatano asubuhi wakapanda ngazi za karakana. Breki alibeba leseni, barua ya tabia njema, kitambaa cha kufutia vioo, na mto wake wa kukalia, maana kiti cha kampuni, alisema, si cha kuamini.

Kitinda alipowaona alishika kifua. "Shikamoo mama, shikamoo mjomba. Nani amefariki?"

"Marahaba. Hajafa mtu," alisema mama. "Mjomba wako amekuja kuandikwa."

"Kuandikwa nini?"

"Udereva. Si ulisema umebakiza mmoja?"

Mkuu wa karakana, mtu mwembamba waliyemwita Mhandisi, alichomoza kichwa nyuma ya rundo la nyaya. "Udereva? Hapa hatuna gari. Hata ile baiskeli pale chini ni ya mlinzi."

Kitinda alifunika uso kwa viganja. Kisha akaeleza, polepole, kama mtu anayemwambia mgonjwa majibu ya vipimo. Ndani ya mizani kuna chipu ndogo kama ukucha. Ndani ya chipu kuna sehemu inayosimamia tundu la waya, lile la USB. Sehemu hiyo haijui lolote mpaka ipewe maagizo, na programu yenye maagizo hayo ndiyo mafundi wanayoiita dereva. Kila aina ya chipu ina dereva wake.

"Kwa hiyo dereva yumo humo ndani?" aliuliza mama.

"Yumo."

"Anatoka saa ngapi?"

"Hatoki, mama. Si mtu."

Breki alikaa juu ya mto wake, kofia magotini, macho sakafuni. Kidole chake kilikuwa kinafuta kioo cha saa ambacho tayari kilikuwa kisafi. Mama Wasiwasi alikiona kidole kile, akatamani ngazi alizopanda zimmeze.

"Mwanangu," alinong'ona, "nimeshamwahidi. Hata kazi ya kushikilia kitu."

Kitinda alimtazama mjomba wake, akamtazama Mhandisi. "Kuna ile ya kuchomeka."

Shida yao ilikuwa hii. Mizani mpya, yenye chipu ya aina ya tatu, wakati mwingine ilichomekwa kwenye kompyuta na kompyuta isiione. Kwa nini, hakuna aliyejua. Kitinda alikuwa ameichomeka na kuichomoa mara mia mpaka mkono ukavimba, na mara zote mia ilikubali. Alihitajika mtu mwenye subira.

"Subira ninayo," alisema Breki. "Niliwahi kusubiri treni ipite mahali ambapo reli ilishang'olewa."

Akaweka mto wake mbele ya kompyuta. Akafuta tundu kwa kitambaa. Akarekebisha kioo cha pembeni ambacho hakikuwepo. Akachomeka. Kwenye skrini yakatokea maneno: KIFAA HAKITAMBULIKI.

"Umeshaharibu!" Mama Wasiwasi aliruka. "Si nilikwambia usiguse?" Hakuwa amemwambia.

Mhandisi akaja, akachomoa, akachomeka. Mizani ikaonekana. Breki akachomeka, haikuonekana. Mhandisi, ikaonekana. Breki, wapi.

"Mjomba, una sumaku mwilini?" aliuliza Kitinda.

"Sina. Nyinyi ndio mnaoendesha vibaya. Mnachomeka kama mnarusha mkuki! Mimi naingiza nusu, kama gia, nasikiliza kwanza, halafu ndiyo nazamisha."

Kitinda alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Rudia, mjomba! Polepole!"

"Polepole ndilo jina langu la pili."

Nusu. Kimya. Halafu mpaka mwisho. HAKITAMBULIKI.

"Umeme!" Kitinda alipiga kelele. "Waya ukiingia nusu, umeme unatangulia, maneno yako nyuma!" Akawageukia wote watatu. Kompyuta ni mwenyeji, alisema, na mizani ni mgeni. Mgeni huyu ana adabu: anabisha hodi, halafu hasemi kitu mpaka aulizwe. Mjomba akiingiza waya nusu, mizani inapata umeme na kubisha hodi, lakini nyaya za maneno hazijagusana, hakuna anayejibu. Basi inalala, kupunguza matumizi ya umeme. Waya ukizama, mwenyeji anatoka mbio kumkaribisha mgeni, na mgeni...

"Anakoroma kizingitini," alimalizia mama.

Mama na binti wakatazamana.

"Dereva wa chipu ya kwanza nilimwambia, ukilala acha sikio wazi," alisema Kitinda, sauti ikididimia. "Wa pili pia nilimwambia. Wa tatu..."

"Ukamsahau."

"Nikamsahau."

"Kwani ulikuwa unamwambia kila mmoja peke yake?" Mama Wasiwasi alipandisha sauti mpaka wauza magodoro wakatazama dari. "Wewe! Wewe uliyelala mlangoni ukashikwa na mafua! Boksi liko wapi?"

"Boksi gani?" aliuliza Mhandisi, na kwa mara ya kwanza alionekana kuogopa.

Kwa siku mbili Kitinda alibomoa na kujenga upya. Adabu zote za ugeni, kubisha hodi, kujibu, kulala, kuamka, alizitoa kwa kila dereva na kuziweka mahali pamoja, zisomwe na chipu zote. Kila chipu akaibakizia mambo yake tu, swichi ipi iko wapi, kwa maana milango ya nyumba haifanani lakini hodi ni ile ile. Faili lenye adabu aliliita "boksi".

Breki naye alichomeka mara mia sita: nusu, robo, kwa kona, kwa kurudi nyuma. Mizani haikukataa hata mara moja. Ijumaa mteja aliichomeka huku anaongea na simu, kwa fujo isiyosemeka, na uzito wa mdoli uliowekwa juu yake badala ya mtoto ukajiandika. Breki alifumba macho asione uendeshaji ule.

Mwezi uliofuata ilikuwa inakuja chipu ya nne, kwa hiyo Mhandisi alimwandika Breki kazi ya kudumu. Karatasi ilisema: MKAGUZI WA MADEREVA. Breki aliisoma mara tatu. Maisha yake yote mkaguzi wa madereva alikuwa yule bwana aliyemfelisha mara mbili kwa kwenda polepole kupita kiasi. Leo ni yeye.

Jioni hiyo Mama Wasiwasi alikuja kumchukua. Walipokaribia nyumbani, alikata kona ya uchochoro kwa haraka, akiwaza jiko.

"Dada," alisikia nyuma yake, "kona hiyo umeingia kasi."

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumamosi asubuhi mtu alibisha hodi. Alikuwa jirani mshonaji, amevaa miwani ya jua na glavu. "Nasikia mkaguzi wa madereva anaishi hapa," alisema. "Nimewahi kabla foleni haijawa ndefu." Nyuma yake walisimama watu wanne. Ndani ya nyumba Breki alishachukua mto wake.

Mama Wasiwasi alifunga mlango, akatafuta kalamu nene, na chini ya UFUNGUO UKO KWA JIRANI akaongeza: HAPA HATUTOI LESENI.

Safari hii boksi alilitundika upande wa nje.