Pikapu Iliyougua Jumanne na Ijumaa

Kwa miaka thelathini na mmoja alifua mashuka ya hoteli, na ingawa amestaafu mwaka wa nne sasa, mtaani bado anaitwa Dobi. Hata mkewe humwita hivyo akikasirika. Ni mwembamba, mwenye vidole vilivyopauka kwa sabuni na dawa ya madoa, na shati lake la kushindia nyumbani lina mstari wa pasi mikononi. Viatu mlangoni kwake hupangwa kwa ukubwa. Binti zake wawili, walioolewa zamani, hutania kwamba utotoni waliogopa kusimama tuli mbele ya baba yao, asije akawaanika.

Pikapu yake ina miaka ishirini na tisa. Hoteli ilimuuzia ilipochoka kubeba matenga ya nguo. Ilikuwa nyeupe na bado ni nyeupe.

Mwaka jana figo za mkewe ziligoma. Tangu hapo, kila Jumanne na Ijumaa, saa moja kamili asubuhi, mama huyo anatakiwa awe ameketi kwenye kiti cha mashine ya kusafisha damu katika hospitali iliyo juu ya kilima, mwendo wa dakika thelathini. Akiketi, anaketi kwa saa nne. Ngazi ya basi ni ndefu mno kwa miguu iliyovimba. Jirani mwenye teksi aliahidi mara mbili, akatokea mara moja. Ikabaki pikapu.

Miezi miwili iliyopita pikapu ilianza kumisi.

Mafundi hulitumia neno hilo kwa injini inayoruka pigo. Silinda moja inapewa petroli, lakini cheche ya kuiwasha haiji, na gari zima linatetemeka kama mtu mwenye kwikwi. Kwenye barabara tambarare Dobi aliweza kulivumilia. Kilimani lilikuwa jambo jingine: gia ya pili, gia ya kwanza, mtetemo, kimya. Walikaa kando ya barabara dakika ishirini, wakati mwingine thelathini, mpaka injini ikubali tena. Mkewe alikuwa akitazama mbele, mkoba mapajani. "Hili gari lako linaichukia hospitali kuliko mimi," alisema siku moja.

Fundi hakuwa wa kutafutwa. Mdogo wa mkewe ana gereji ya paa la mabati sokoni, na pikapu ilipelekwa kwake kila mara baada ya hospitali. Alibadilisha plagi zote nne. Akafungua kabureta na kuisafisha, akaweka filta mpya ya petroli na waya mpya za plagi. Kila mara aliwasha injini, akaegemeza sikio, na kila mara ilinguruma sawasawa, pigo kwa pigo.

"Shemeji, gari halina ugonjwa," alisema. "Likiniona linapona."

"Linapona saa saba mchana. Mimi nalihitaji saa moja kasoro."

"Basi labda dereva ndiye anayemisi."

"Cheka tu. Anayekaa ndani ni dada yako."

Fundi alifuta mikono, akatazama injini. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema, akimaanisha gari. Kisha akatambua alichosema, akainama kutafuta spana ambayo haikuwa imeanguka.

Ijumaa iliyofuata walifika wamechelewa dakika hamsini. Mkewe alipewa saa tatu tu za mashine badala ya nne, kwa sababu kuanzia saa tano kiti ni cha mgonjwa wa zamu ya pili. Muuguzi mkuu, mwanamke asiyepandisha sauti, alimwita Dobi kando. "Baba, kiti cha saa moja kina watu sita wanaokisubiri. Mkichelewa tena nitalazimika kumhamishia hospitali kuu. Si adhabu. Ni hesabu ya viti."

Hospitali kuu ni mwendo wa saa tatu. Kutoka Ijumaa hadi Jumanne ni siku nne. Kufikia Jumapili mkewe hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, na Dobi alihesabu pumzi zake kama alivyokuwa akihesabu mashuka, kwa makumi.

Jumatatu alikwenda gereji kwa miguu, akaeleza yote. Fundi hakufanya mzaha.

"Kesho nitakuja kwako kabla hujaliwasha," alisema. "Fanya vilevile unavyofanya kila siku ya hospitali. Vilevile. Hata kama huwa unajikuna, jikune palepale."

Alifika saa kumi na moja na nusu, giza likiwa bado uani. Taa moja ilining'inia juu ya boneti iliyo wazi. Dobi alikuwa amevaa glavu za mpira. Miguuni pake palikuwa na ndoo mbili, moja ya povu na moja ya maji safi, na mkononi alishika brashi ya kufulia kola. Alichota kopo, akamwaga juu ya injini polepole, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Shemeji. Unafanya nini?"

"Naosha."

"Unaosha injini?"

"Si ulisema nifanye vilevile?"

Fundi aliinama karibu na injini. Kisha akamwomba azime taa na kuwasha gari. Injini ilikohoa, ikashika, ikaanza kutetemeka. Dobi akashuka, na katika giza wakaona wote wawili: juu ya kifuniko cha distributa, kile kikombe cheusi kinachogawa umeme kwa plagi, cheche za buluu zilikuwa zikitambaa kama sisimizi, zikikimbilia kwenye chuma chenye maji badala ya kwenda kwenye silinda.

"Zima," fundi alisema. "Zima, zima."

Alikifungua kifuniko, akakigeuza chini ya taa. Ndani kulikuwa na matone. Ubavuni kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ambao ukikauka hauonekani, na gereji kifuniko kilimfikia kikavu kila mara.

"Umeanza lini kuosha?"

"Miezi saba."

"Na ufa huu una kama miezi miwili. Kabla yake maji hayakuwa na mlango." Alishusha sauti. "Lakini injini, shemeji! Nani huosha injini mara mbili kwa wiki?"

"Inavuja oili. Ikipata moto, harufu inaingia ndani. Siku ya kwanza kumpeleka alitapika mara tatu njiani. Nikamwambia hatainusa tena."

"Ungeniambia inavuja."

"Nilikuambia. Ukasema injini kuukuu zote zinavuja."

Fundi alikikung'uta kifuniko. Alinyoosha mkono. Dobi akampa leso yake nyeupe, iliyokunjwa mara nne na kupigwa pasi, na fundi akakausha kifuniko nje na ndani mpaka leso ikawa nyeusi. Kisha akauliza kama dada yake ana rangi ya kucha.

Mkewe alikuwa amekwisha kufika mlangoni, ameshika fremu kwa mkono mmoja. "Nani anapakwa kucha alfajiri hii?"

"Gari lako, dada. Lina ufa, nataka kuuziba."

"Ya waridi ipo. Mwambie lisiringe." Alivuta pumzi mara mbili kati ya sentensi hizo mbili. Kisha akaona ndoo, akaona kifuniko mkononi mwa mdogo wake na uso wa mumewe, na hakuhitaji kuelezwa. Aliketi kizingitini kusubiri.

Rangi ilikaushwa kwa kupepewa na kipande cha boksi. Waliondoka saa kumi na mbili na robo, fundi nyuma penye mizigo, kichwa karibu na dirisha, akisikiliza. Injini ilipiga sawa.

"Unasikia harufu?" Dobi aliuliza walipopita soko. "Leo nimeosha nusu tu."

Kwenye daraja mkewe alimgeukia.

"Sikutapika kwa sababu ya oili," alisema.

"Ulisema..."

"Wewe ndiye uliyesema. Mimi nilinyamaza. Siku ile sumu ilikuwa imenijaa, hata marashi yangenitapisha."

Dobi alishika usukani kwa mikono yote miwili. "Miezi saba. Ungenikataza."

"Nikukataze, halafu ukae wapi? Ukae kitandani unitazame? Nilikuwa nakusikia nje na ndoo zako, nikisema angalau mmoja wetu ana kazi." Alitazama mkoba wake. "Sikujua ndiyo inayonichelewesha. Ningejua, ningekupa hata masufuria uyasugue."

Kilima kilianza. Gia ya tatu, gia ya pili. Hapo ndipo pikapu ilipokuwa ikitetemeka. Leo haikutetemeka. Saa moja kasoro dakika nane mkewe aliketi kwenye kiti chake, na muuguzi mkuu akaweka alama kwenye daftari bila kuinua macho.

Jumatano fundi alifunga kifuniko kipya cha distributa na gasketi mpya pale palipovuja. Alisema maji yasivuke boneti, akasema mara mbili.

Ijumaa Dobi aliamka saa kumi na moja na nusu kama kawaida. Alitoka uani, akashika ndoo, akaigeuza chini juu. Alizunguka gari. Hakukuwa na kitu cha kufanya. Akarudi chumbani.

Kwa miezi saba alikuwa akimaliza kuosha na kumkuta mkewe amevaa tayari, ameketi sebuleni na mkoba wake. Hakuwa amewahi kuona inavyochukua muda. Alimkuta ukingoni mwa kitanda, soksi moja mkononi, akipumzika kabla ya kuinama tena. Mguu mwingine ulikuwa mtupu. Soksi ya jana ilikuwa imeacha mfereji juu ya kifundo, wenye kingo kali.

Dobi alipiga magoti, akachukua soksi. Kabla ya kumvisha, aliweka kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, mbele ya mguu, akabonyeza kidogo, akaondoa. Shimo likabaki. Mikunjo aliijua maisha yake yote, ile inayotoka kwa mvuke na ile inayotaka pasi nzito. Alisubiri ngozi irudi mahali pake.

"Umeshamaliza kupima?" mkewe aliuliza.

"Bado," alisema.