Sauti ya Vitalia Kwenye Kaseti ya Majaribio

Dada yangu Vitalia tulimzika mwaka tisini na saba. Kaburi nililifukia mwenyewe.

Mwaka elfu mbili, asubuhi kweupe, kuku wanachakura uani, alikohoa chumbani kwangu. Halafu akaongea.

Kama unaona nakupiga kamba, endelea na shughuli zako. Mimi mpaka leo nikisikia mtu anakohoa kwa namna ile, vinyweleo vinanisimama.

Naitwa Othmar, wa Mbinga mjini. Miaka ile kila kitu kilikuwa kimeachiwa huru. Kahawa ananunua yeyote mwenye mizani, ghala la ushirika limefungwa, na vyuo vya watu binafsi vinaota kila kona.

Mimi nilikuwa na kidato cha nne na mama asiyeweza kutembea. Miguu ilimwishia nguvu baada ya msiba wa Vitalia, tukabaki wawili tu nyumbani. Wenzangu walikwenda Songea, wengine Dar. Mimi ningekwenda wapi? Nani angempikia? Nani angemtoa nje aote jua?

Vijana wa kijiweni waliniita mwali. Nilicheka nao, lakini iliniuma sana.

Kwa hiyo niliposikia kuna kazi ya kuchapa taarifa za madaktari ukiwa nyumbani kwako, nilisema Mungu kanikumbuka. Daktari anaongea kwenye kaseti, wewe unasikiliza, unachapa, unarudisha. Ugali wa mama uko jikoni na kazi inakwenda.

Shida ikawa nijifunze wapi.

Kulikuwa na Sista Hildegardi pale parokiani. Alifundisha mwaka mzima kwa taipureta kuukuu, na wanafunzi wake walipewa kazi na hospitali moja ya misheni kule ziwani. Nilipokwenda kuulizia, mashine hakuniruhusu hata kuigusa. Aliniketisha, akaniuliza:

"Ukimkuta mtu unayemjua ndani ya kaseti, utafanya nini?"

"Nitachapa, Sista. Si ndiyo kazi yenyewe?"

"Nenda nyumbani. Ukipata jibu, rudi."

Nikaondoka nimenuna. Mtu nimekuja kusoma, napewa vitendawili.

Halafu kulikuwa na Bwana Leopold. Huyu alikuwa na tai, alikuwa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, na chuo chake kilikuwa ndani ya ghala lile lile la ushirika. Harufu ya kahawa ilikuwa bado haijatoka ukutani. Alisema miezi mitatu tu una cheti, na wateja wako Ulaya wanakusubiri. Kila aliyetaka kujiunga alipewa kaseti ya majaribio, akasikilize nyumbani na kuandika anachosikia.

Nikamuuliza kaseti zinatoka wapi. Akasema ni za kujifunzia tu, nisiwe na wasiwasi.

Nikaenda nyumbani natembea kama mkurugenzi.

Nikaweka kaseti kwenye redio yetu, nikabonyeza. Daktari Mzungu alikuwa anasoma magonjwa kwa Kiingereza, pole pole, nami naandika mbio. Nilikuwa nimeshaanza kujipongeza.

Ndipo nikasikia kile kikohozi.

Baadaye nilikuja kujua kwamba daktari yule alikuwa na mtindo wa kuacha kaseti inazunguka mgonjwa akiwa bado mbele yake. Wakati ule sikujua lolote. Nilichojua ni kwamba marehemu dada yangu yumo chumbani.

"Dokta," alisema Vitalia, "mama anasema mama mdogo ndiye kaniroga. Nimemwacha aseme, maana naona aibu. Mama mdogo hana kosa. Huu ugonjwa tumeupata mimi na mume wangu huko tulikokuwa. Ila nakuomba, mama asijue."

Nikazima. Nikalia kama mtoto.

Mama mdogo ni Benadetha, mdogo wake mama, anaishi Mbaha, ziwani. Siku ya mazishi mama alimfukuza matangani, mbele ya watu wote, akimwita mchawi. Tangu hapo hawakusalimiana tena. Hata jina lake lilikuwa halitajwi kwetu.

Sasa, nyumba yetu haikuwa na dari. Kuta ziliishia chini ya mabati, na ukinong'ona chumba hiki, chumba cha pili wanaitikia.

Nilitoka mbio. Mama alikuwa kwenye mkeka wake upande wa pili wa ukuta, rozari shingoni. Alikuwa amejivuta mpaka mlangoni, amechota unga kwenye ungo na kuunyunyiza kizingitini. Kwetu hivyo ndivyo wazee wanavyofanya mahoka wakisema, yaani waliotutangulia.

"Vitalia amekuja," akasema. "Nitafutie gari. Nakwenda Mbaha."

Nikafungua mdomo nimwambie ni kaseti. Nikaufunga. Nikisema ni kaseti, ataniuliza imesema nini kingine, ataniuliza ni ugonjwa gani. Na dada ameomba mama asijue.

Nikatafuta gari.

Tulishuka na Landrova kupitia Kingerikiti, mama nimempakata kila kona. Moyo wangu ulikuwa umejaa hofu. Niliona kama tumekaa watatu kwenye kile kiti.

Benadetha tulimkuta anaanika usipa, vile vidagaa vya ziwani. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. Alikuwa anamtazama mama.

Mama alisema akiwa bado mikononi mwangu. "Mdogo wangu, Vitalia amenijia. Amesema huna kosa. Nisamehe."

Benadetha aliuweka chini usipa wake. Kisha akanionyesha mkeka, nikamweka mama chini. Akaja akaketi, akalaza kichwa mapajani kwa dada yake. Walilia, nami nikaenda kusimama kwenye mchanga kwa sababu nilikuwa nashindwa kujizuia.

Kuhusu ugonjwa, mama hakusema neno.

Tuliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa Leopold. Nikamwambia kaseti yake ina dada yangu. Hata hakushtuka.

"Ilitoka hospitali, walikuwa wanazitupa. Hao si wamekufa? Nani atalalamika?"

Hapo hapo nikajua sisomi kwake hata kwa bure. Kaseti sikumrudishia.

Nilikwenda parokiani. "Jibu nimelipata, Sista. Nitazima, nitakuletea wewe, na nitafunga mdomo."

Hakunisifu. Alinipa redio ya kurekodia, akasema nirekodi kimya juu ya kaseti nzima, mwenyewe, sauti zote zifutike. Jamani, sauti ya dada yangu hatukuwa nayo popote pengine. Nilitaka kuiba ile kaseti nikaifiche chini ya godoro.

Nikabonyeza. Ilizunguka mpaka mwisho, Sista ameketi nami akisali.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa Leopold, akarudi na mfuko mzima wa kaseti. Alichomwambia sijui.

Nilisoma ule mwaka, na kazi nikaanza kuifanya nyumbani. Sharti la Sista lilikuwa nisisikilize mgonjwa yeyote bila hedifoni. Siku ya kwanza nimezivaa, mama akaniangalia.

"Hayo madude ya nini?"

"Usisikie mambo ya wagonjwa, mama."

Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Ungeyavaa siku ile, ningekufa sijasalimiana na Benadetha."

Nikazivua. "Mama, ulijua ni kaseti?"

"Redio nimeishi nayo tangu kabla hujazaliwa. Kitufe kikibonyezwa nakisikia."

"Sasa ule unga?"

"Ningekwenda Mbaha nikaseme nini? Kwamba nimesikia redioni? Nilimfukuza mbele ya watu, Othmar. Kwa aibu ile nisingeweza kwenda mwenyewe. Marehemu akikutuma, unakwenda." Akaishika rozari yake. "Na aliomba nisijue kilichomuua. Basi sikijui. Wewe unakijua?"

"Sikijui, mama."

"Haya. Fanya kazi yako."

Ndugu yangu unayetafuta chuo, usianze kwa kuuliza cheti kinatoka lini wala wateja wako nchi gani. Uliza wanazitunza vipi siri za watu ambao sauti zao wanazitumia kukufundishia, maana kesho sauti hiyo inaweza kuwa ya kwenu.

Mama ameshatangulia. Hakuna aliyemsikia akilitaja jina la ule ugonjwa, na mimi hapa nimeandika yote, lakini hilo sijaliandika.